Hadubini ya Elektroni na Koti la Malale

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu wa Mpanda hana haja ya kuelezwa ndorobo ni nini. Inzi huyu, ambaye vitabu humwita mbung'o, amejaa katika misitu yetu ya miombo, na kila aliyepata kupita katika Hifadhi ya Katavi kwa gari lililo wazi anajua jinsi anavyochoma hata juu ya nguo. Lakini si ndorobo mwenyewe nitakayemweleza. Nataka kueleza habari za kijidudu kisafiricho ndani yake, yaani kile kiletacho ugonjwa wa malale, na habari za chombo kiitwacho hadubini ya elektroni. Chombo hicho ndicho kilichoonyesha kwa nini mpaka leo hakuna chanjo ya malale, ingawa kijidudu chake kimejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kijidudu hicho jina lake ni tripanosoma. Bwana David Bruce alikiona huko Zululand mwaka 1895 katika damu ya ng'ombe wenye nagana, na miaka michache baadaye kikaonekana katika damu ya watu pia. Aina iliyoko kwetu, iitwayo rodesiense, ilielezwa mwaka 1910 kutoka kwa mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Kazi hizo zote zilifanywa kwa hadubini ya kawaida itumiayo mwanga, ambayo haina tofauti kubwa na zile zilizomo katika maabara yetu ya Biolojia. Ukitazama damu mbichi ya mgonjwa utakiona kijidudu kikijipinda kama nyoka majini, katikati ya chembe nyekundu, kikizisukuma huku na huku. Urefu wake ni kama sehemu moja ya arobaini ya milimita.

Udogo huo usitudanganye. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika misituni, ikawaweka pamoja katika makazi makubwa yaliyofyekwa miti, ili ndorobo wakose kivuli cha kukaa. Ndiyo kusema kwamba mahali wanapokaa baadhi ya jamaa zetu leo palichaguliwa kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho.

Sasa kuna jambo lililowashangaza wataalamu tangu mwanzo. Bwana Ronald Ross, yule yule aliyegundua kwamba malaria huletwa na mbu, pamoja na mwenzake David Thomson, walimpata mgonjwa mmoja wa malale huko Liverpool, wakawa wanahesabu tripanosoma katika damu yake siku baada ya siku. Matokeo waliyatoa mwaka 1910. Hesabu ilipanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Vijidudu viliongezeka, na homa ikapanda. Kisha vikapungua hata vikakaribia kwisha, na homa ikashuka. Baada ya siku chache vikarudi tena kwa wingi. Mwili ulikuwa ukishinda vita, na adui alikuwa akirudi kama kwamba hakupigwa. Alitoka wapi? Hadubini ya siku zile haikuweza kuwajibu, wala haikuwa na ila. Ni mwanga wenyewe uliokuwa mnene mno.

Maneno hayo yataka maelezo. Mwanga husafiri kwa mawimbi, na mawimbi ya mwanga tuuonao yana urefu wa nanomita 400 mpaka 700. (Chukua milimita moja, uigawanye mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita.) Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba hata lenzi isuguliwe vizuri namna gani, haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kupita kama nusu ya urefu wa wimbi, yaani nanomita 200 hivi. Ni sawa na mtu aliyefumba macho kupewa mchi wa kutwangia apapase nao nakshi za kitana. Mchi utamwambia kwamba kitana kipo, lakini nakshi hatazijua. Mpe sindano, naye atazihesabu moja moja.

Sindano hiyo ni elektroni. Elektroni, ingawa twafundishwa kuwa ni chembe, hutembea kwa wimbi pia, na zikisukumwa kwa umeme wa volti 300,000 urefu wa wimbi lake ni nanomita 0.002 tu. Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza hadubini ya kwanza ya namna hiyo mjini Berlin mwaka 1931. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1986, baada ya miaka hamsini na mitano. Nadhani ni wachache wetu wenye subira ya namna hiyo, hasa tunaposubiri matokeo ya mtihani.

Kioo hakifai kuzipinda elektroni, kwa hiyo badala ya lenzi za kioo hutumika sumaku za umeme. Tena bomba lote hutolewa hewa, kwani elektroni zikigongana na hewa hutawanyika. Na hapo ndipo taabu inapoanza kwa mtu atakaye kutazama viumbe. Mahali pasipo hewa, kitu kibichi hupoteza maji yake mara moja na kunyauka. Wataalamu iliwabidi wakiue kijidudu kwa dawa, wakiondolee maji, wakizamishe katika gundi igandayo kuwa ngumu, halafu wakikate kwa kisu cha kioo au cha almasi, vipande vyembamba visivyofika nanomita 100. Hata hivyo kipande hicho peke yake hakionyeshi kitu, maana elektroni hukipita karibu chote sawasawa. Lazima kipakwe metali nzito, na zitumikazo sana ni urani na risasi. Hiyo ya pili twaifahamu sisi wa Mpanda. Reli yetu ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi, ikamalizika karibu na mwaka 1950, na mgodi wenyewe ukafungwa kama miaka kumi baadaye. Sisemi kwamba risasi ya hapa ilifika katika maabara hizo. Nasema kwamba uzito wa atomu zake ndio uzitawanyao elektroni, na mahali iliponasa ndipo picha huwa nyeusi.

Basi mwaka 1969 mtaalamu wa Uingereza, Keith Vickerman, alichapisha picha za tripanosoma zilizokatwa na kupakwa namna hiyo. Juu ya ngozi ya vijidudu vilivyotoka katika damu aliona utando uliofunika mwili wote pamoja na mkia, wenye unene wa nanomita kama 15. Alitazama vilivyotoka katika tumbo la ndorobo, navyo havikuwa na utando huo. Alitazama vilivyoiva katika tezi za mate za ndorobo, vikingoja kuingia kwa mtu au mnyama, navyo vilikuwa vimeuvaa tena. Yaani ni koti hasa: huvuliwa katika nyumba moja, na kuvaliwa kabla ya kwenda katika nyingine.

Ili tuelewe jinsi koti hilo lilivyokuwa limejificha, nimefanya hesabu ndogo. Tuseme tunakikuza kijidudu mpaka kiwe na urefu wa uwanja wa mpira, mita 100. Koti lake litakuwa na unene wa sentimita 6, kama vidole vitatu au vinne. Lakini tukiukuza mwanga kwa kipimo hicho hicho, wimbi lake moja litakuwa na urefu wa mita 2, kama goli lilivyo kwa kimo karibu. Kitu chenye mita 2 kitazijuaje sentimita 6? Wimbi la elektroni, kwa kipimo hicho, ni jembamba kuliko unywele. Na koti lenyewe si kitambaa kilicho sawa. Limefanywa kwa molekuli za protini zilizosimama wima, zikibanana kama nyasi fupi za uwanja huo, na hesabu yake kwa kijidudu kimoja ni kama milioni kumi.

Mwaka 1975 George Cross alizitenga molekuli hizo, akakuta kwamba nyasi zote za kijidudu kimoja ni za aina moja, lakini uzao mwingine wa kijidudu hicho hicho ulikuwa na nyasi za aina nyingine. Hapo jibu la swali la mwaka 1910 likapatikana. Tripanosoma ina jeni zaidi ya elfu moja za kutengenezea koti, na hutumia moja tu kwa wakati mmoja. Damu ya mtu hutengeneza kingamwili, ambazo twaweza kuziita askari, za kulitambua koti lililopo. Askari hao huchukua siku kadhaa kuwa tayari, kisha huvamia na kuua karibu vijidudu vyote. Ndipo homa hushuka. Lakini katikati ya mamilioni yale wachache wamekwisha kubadili koti, bila kuamriwa na mtu, kwa bahati tu. Askari huwapita bila kuwajua. Wachache hao huzaana, na homa hupanda upya. Na chanjo, kama tulivyofundishwa, ni kuwaonyesha askari sura ya adui mapema. Utawaonyesha sura ipi kati ya elfu?

Homa hiyo ya kupanda na kushuka inafanana sana na malaria, nayo imewadhuru watu wengi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mrina asali katika misitu ya upande wa Inyonga. Kabla sijazaliwa mimi, alirudi kutoka kwenye mizinga yake akiwa na homa, akapewa dawa za malaria katika zahanati moja, akapata nafuu siku chache, akaugua tena, akapewa zile zile. Ndugu zake walipoona kwamba analala mchana akiwa ameshika kijiko cha uji, walimpeleka hospitali, na huko mtu wa maabara aliitazama damu yake kwa makini akakuta tripanosoma. Kijidudu kilikuwa kimekwisha kuingia katika ubongo. Alipigwa sindano za melasoprolo, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo haikutiwa katika bomba la plastiki kwa kuwa huiyeyusha, bali la kioo. Babu husema ilipita katika mshipa kama pilipili iliyosagwa. Dawa hiyo yenyewe iliua wagonjwa kadhaa katika kila mia. Yeye alipona, ila hajarudi kwenye mizinga.

Hapa mtu aweza kuuliza: ng'ombe na swala wa Katavi wana tripanosoma za namna nyingi, mbona hatuugui sote? Ni kwamba katika damu ya binadamu mna protini iitwayo APOL1, ambayo huingia katika tripanosoma za kawaida na kuzitoboa mpaka zipasuke. Rodesiense imeweza kutushinda kwa sababu ya protini yake moja iitwayo SRA, ambayo huikamata APOL1 na kuizuia isifanye kazi. Wataalamu wa Ubelgiji walilionyesha jambo hilo mwaka 2003. Na ajabu ni kwamba SRA yenyewe ni ndugu wa koti. Ni jeni ya koti iliyopunguzwa kipande na kupewa kazi nyingine. Mimi naliona jambo hili kuwa la werevu kupita hata lile la kubadili mavazi, ingawa najua kijidudu hakina akili.

Sasa nirudi kwenye hadubini. Njia ya kukata na kupaka ilionyesha kwamba koti lipo, lakini haikuweza kuonyesha molekuli moja moja zilivyojengwa, kwani dawa na metali huziharibu sura. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jacques Dubochet na wenzake walipata njia nyingine. Walichukua tone jembamba la maji yenye molekuli, wakalitumbukiza kwa ghafula katika ethani ya majimaji yenye baridi ya karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Maji yaliganda upesi hata hayakupata nafasi ya kujipanga kuwa barafu. Yakawa kama kioo, na molekuli zikabaki ndani yake vile vile zilivyokuwa, na maji yake, bila rangi yoyote. Barafu ya kawaida ingezivunja na kuzificha.

Lakini elektroni huunguza. Ukizimwaga nyingi ili picha iwe safi, molekuli huharibika. Ukizimwaga chache, picha huwa kama ukungu. Joachim Frank alifanya hesabu za kompyuta za kukusanya maelfu ya picha hafifu za molekuli zilizo sawa, kuzipanga kwa upande zilizoelekea, na kuzijumlisha, hata sura moja safi ikatokea. Ni kama kusikiliza wimbo unaoimbwa mbali sana: sauti moja huisikii, bali watu elfu wakiimba pamoja maneno huyapata. Richard Henderson naye mwaka 1990 alionyesha kwamba kwa elektroni twaweza kufikia hata mahali pa atomu katika protini. Watatu hawa walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017.

Lililonifurahisha nilipokuwa nikisoma habari zao ni hili: mwaka 2013 Bwana Frank na wenzake walitoa picha ya ribosomu ya tripanosoma, yaani kiwanda kidogo ambamo kijidudu hutengeneza protini zake zote, pamoja na zile za koti. Ribosomu hiyo ina vipande vya ziada ambavyo ya binadamu haina, na kitu kilichomo kwa adui na kisichomo kwetu ndicho kitafutwacho na watengenezaji wa dawa. Tena wataalamu wa Oxford walionyesha kwa njia hiyo hiyo ya baridi jinsi protini nyingine ya tripanosoma, iitwayo ISG65, inavyoshika sehemu ya komplimenti. Komplimenti ni protini za damu ambazo hujibandika juu ya vijidudu na kuvitia alama ili viuawe. ISG65 imesimama katikati ya nyasi za koti, na haibadiliki kama koti libadilikavyo. Kwa hiyo koti lina mianya, na katika mianya mna vitu visivyojua kubadili sura.

Mitambo hiyo ya baridi hugharimu mamilioni ya dola, hurefuka kupita mlango wa darasa, na hutaka umeme usiokatika na naitrojeni ya majimaji kila siku. Hapa Mpanda hatuna, wala sitarajii kuiona karibuni. Lakini sura za molekuli zenyewe huwekwa katika hazina ya wazi kwenye intaneti, na mtu yeyote huruhusiwa kuzitazama bure. Kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa Biolojia nilizitazama katika kompyuta ya shule. Molekuli ya koti nimeizungusha kwa mkono wangu, upande huu na huu. Ni ndefu, yenye fimbo mbili zilizolala pamoja kama vijiti vya ulindi kabla ya kuwashwa moto. Kwa kweli niliisahau saa ya chakula.

Hata hivyo nisije nikamfanya mzazi yeyote adhani kwamba malale hupimwa kwa mitambo hiyo. Sivyo. Rodesiense huwa nyingi katika damu, na hadubini ya kawaida yenye taa, kioo kimoja cha damu na mtu mwenye macho ya subira hutosha kabisa kuigundua. Kumsaidia mtu huyo, mgonjwa atokaye msituni, akiwa mrina asali, mvuvi, mchunga ng'ombe au askari wa wanyama, aseme tangu mwanzo kwamba alikuwa huko na kwamba aliumwa na ndorobo, maana malale ya kwetu haingoji miaka kama ile ya Afrika ya Magharibi. Kwa majuma au miezi michache yaweza kufika katika ubongo. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana nchini kuliko zamani, na hiyo ndiyo sababu mpimaji aweza kusahau kuitafuta.

Dawa mpya nayo haikutoka katika hadubini ya elektroni. Jina lake ni feksinidazo. Ilikuwa imetengenezwa zamani ikaachwa, mpaka watafutaji wa dawa za malale walipoifukua mwaka 2005 katika orodha za dawa zilizosahauliwa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa rodesiense huko Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa ugonjwa huo, kwa watu wenye umri wa miaka sita na zaidi na uzito usiopungua kilo 20. Si sindano tena, ni vidonge vya kumeza kwa siku kumi. Humezwa pamoja na chakula, kwani tumboni kukiwa kutupu mwili hauichukui dawa ya kutosha.